Gari Moshi Lililoibwa kwa Kufuata Kanuni

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani kwa miwani yangu na kwa miwani ya jirani, sikuiona. Kwa hiyo msomaji atakayejikuta ndani yake ajue ameingia mwenyewe, bila tiketi, na akiulizwa mlangoni asinitaje.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo, wizi ni kosa kubwa. Anayeiba kuku anafungwa miaka mitatu. Anayeiba mahindi anafungwa mitano, kwa sababu mahindi hayapigi kelele kuwasaidia polisi. Wizi mmoja tu ndio halali, nao una sikukuu yake, wimbo wake, wizara yake na sanamu yake. Ni wizi wa gari moshi.

Sanamu iko katikati ya mji mkuu, shaba tupu. Mtu mwenye kifua kipana amesimama ndani ya kichwa cha gari moshi, macho mbele, na mikono yake miwili imeshika usukani.

Najua mnachotaka kusema. Gari moshi halina usukani. Linafuata reli, na reli haimuulizi dereva anataka kwenda wapi. Kila apitaye pale anajua. Lakini mchongaji alikuwa bingwa wa sanamu za manahodha, akachonga alichozoea, na siku ya kuizindua Mtukufu, mtawala wetu, aliitazama muda mrefu, akafuta jicho, akasema, "Baba yangu kabisa." Tangu siku hiyo gari moshi lina usukani. Mimi mwenyewe nilipiga makofi, nami nimefanya kazi reli miaka thelathini na mmoja.

*

Ukweli wa wizi wenyewe nitausema taratibu, maana hata leo unasemwa taratibu.

Miaka hamsini iliyopita Wenye Kofia Ngumu walikuwa wakipigana na Wenye Kofia za Manyoya. Ugomvi ulianzia kwao, juu ya jambo la kwao, lakini kwao kulikuwa na baridi, wakaja kupigania kwetu. Vita vilitaka wapagazi. Kila mwezi gari moshi liliondoka mji mkuu na wanaume mia tatu wa kwenda kubeba mizigo huko mbele, na kila mwezi lilirudi na mabehewa matupu, yameoshwa vizuri.

Majina ya wa kuchukuliwa yaliandikwa na karani mmoja kijana, mwenye mwandiko mzuri sana. Mkumbukeni karani huyo. Nchi nzima inamkumbuka, ila kwa kazi nyingine.

Dereva aliitwa Feruzi Makame, mtu wa hapa kwetu Kisiki, stesheni ya pili kutoka mwisho wa reli. Mchochea moto wake alikuwa Mrisho. Asubuhi moja mabehewa ya ng'ombe yalijazwa wanaume mia tatu na kumi na wawili, milango ikapigwa komeo, na askari wa Kofia Ngumu wakaenda kunywa chai kwanza. Feruzi akaondoka. Hakwenda upande wa vitani. Alikwenda upande wa pili, upande wa kwao.

Hapa lazima nieleze kitu cha reli, na sitakirudia. Njia yetu ni ya reli moja. Magari mawili yakikutana hakuna wa kumpisha mwenzake. Kwa hiyo ipo ringi: duara la chuma lililovikwa ngozi, kubwa kiasi cha kupita begani, lenye kijifuko cha bamba la shaba lililoandikwa jina la kipande cha njia. Kila kipande kina ringi moja tu. Mwenye ringi anakwenda, asiye nayo anasubiri, hata kama nyuma yake kuna moto. Akifika stesheni anaikabidhi mkono kwa mkono, anasaini daftari, anapewa ringi ya kipande kinachofuata. Na ringi ikiwa haijarudi, gari liko njiani. Hakuna lingine litakaloingia.

Mwizi mwingine angezipita stesheni mbio. Feruzi alikuwa mtu wa reli. Aliiba gari moshi zima, na katika kila stesheni akasimama, akakabidhi ringi, akasaini, akapokea nyingine. Stesheni ya tatu alichelewa dakika kumi na moja, akaandika sababu: maji ya kichwa cha gari. Stesheni ya nne masta, mkuu wa stesheni, alimwita kwamba amesahau kujaza saa, akateremka tena, akaijaza.

Kofia Ngumu wakapiga simu ya waya stesheni zote: je, gari lililoibwa limepita? Masta wote wakajibu, kwa nia safi kabisa, kwamba gari lililoibwa halijaonekana. Lililopita lilikuwa na ringi.

Hapa Kisiki alipokea ringi ya mwisho, ya kipande cha Kisiki na Fikeni, mwisho wa reli. Kwenye Kona ya Mawe Mawili akasimamisha, akafungua milango, na wanaume mia tatu na kumi na wawili wakaingia porini, kila mmoja kuelekea kwa mama yake. Mbele ya kona hiyo kulikuwa na daraja la Mto Mweusi. Feruzi akamvalisha Mrisho ringi, akamwambia, "Mpelekee mke wangu. Gari hili likibaki, watalijaza tena."

Mrisho hakuona kilichofuata. Alisikia. Gari na daraja vilikwenda pamoja mtoni, na Feruzi alikuwa ndani. Vita vikakosa wapagazi, vikahamia kwingine.

Mrisho alitembea na ringi begani mpaka kwa Bi. Siwatu, mke wa Feruzi, mwenye mimba ya miezi minne. Akamkabidhi mkono kwa mkono. Hapakuwa na daftari la kusaini.

Na karani? Karani siku hiyo alipanda baiskeli kwenda kuwaeleza Kofia Ngumu gari limeelekea wapi. Alikuwa mtu wa bidii.

*

Kofia Ngumu walipoondoka, ofisi waliiacha kwa mtu aliyejua kuandika majina. Karani akawa Mtukufu. Alipokufa, mwanawe akawa Mtukufu, na ndiye huyu wa sasa. Nikisema Mtukufu namsema yeye.

Wizara ya Kumbukumbu ikaundwa ili tusisahau. Ikatukumbusha kwamba aliyeendesha gari siku ile alikuwa karani, kwamba gari lilivuka daraja likiimba, na kwamba lilifika Fikeni salama. Madaftari ya stesheni yenye saini ya Feruzi yalikusanywa yote kwa ajili ya kutunzwa. Yakatunzwa kwenye tanuri.

Halafu kikaja Cheti cha Abiria. Mwanzoni walipewa wale mia tatu na kumi na wawili. Mwaka wa pili abiria wakawa elfu tisa. Leo ni elfu arobaini na moja, pamoja na waliozaliwa juzi, maana asiye na cheti hapati kiwanja, wala leseni, wala kitanda hospitali. Cheti kina sentensi tatu na mahali pa kidole gumba: Nilikuwamo. Nililiona daraja. Nililivuka.

Mimi ninacho. Behewa la tatu, dirishani. Mabehewa ya ng'ombe hayana madirisha, lakini mwandishi wa vyeti aliniuliza kwa upole nataka kukaa wapi, nikaona aibu kumkatalia.

Daraja lenyewe limechorwa kwenye stempu. Ni zuri. Ukisimama Mto Mweusi huoni kitu ila nguzo mbili zilizovunjika kama meno ya mzee, ndiyo maana watu hawasimami pale. Watu wa Fikeni wakitaka kuja Kisiki huzunguka kwa miguu siku tatu, na ukiwauliza watakwambia wanafanya mazoezi. Gari haliwezi kwenda kwao, kwa sababu iliyo wazi na isiyomuudhi mtu: ringi haijarudi.

*

Mtoto aliyezaliwa na Bi. Siwatu aliitwa Shomari. Alikua akawa fundi mkuu wa karakana ya reli, mtu wa maneno machache na grisi nyingi. Yubile ya miaka hamsini ilipokaribia, aliagizwa kulifufua gari moja la zamani la makaa, ndugu wa lile lililoibwa. Akalifufua, bolti kwa bolti. Ndipo ikaletwa fomu ya mwisho, ya kufungwa usukani.

Usukani ulikuwapo, wa lori. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa kujaza: Mahali pa kufungia. Shomari alizunguka gari mara mbili akitafuta, kwa kweli alitafuta, kisha akaandika: Hapapo.

Watu wawili wapole walikuja nyumbani kwa mama yake. Walivua viatu mlangoni. Walimsubiri amalize kula, wakamshukuru Bi. Siwatu kwa mchuzi, wakaondoka na Shomari.

"Amekwenda kukumbuka," wakasema.

Huko kwa kukumbuka hatujui kukoje, kwa sababu wanaorudi wanakumbuka mambo mengine. Kinyozi wetu alikaa wiki mbili tu. Alirudi anakumbuka mpaka hali ya hewa ya siku ile darajani, jua kali na upepo kidogo wa kusini. Wembe hashiki tena.

Shomari alikaa miezi minane. Kila wiki Bi. Siwatu alilifua ovaroli lake lile lile, safi, akalianika, mpaka likaanza kupauka. Nilimwambia, "Jirani, utalimaliza hilo."

"Likiisha nitamshonea jingine," akasema. "Wewe kama huna la kusema, shika ncha ya pili tukamue."

*

Wizara ilikuwa na tatizo. Mtukufu alitaka siku ya yubile aende Fikeni kwa gari moshi, akiwa amesimama, kama baba yake. Sasa ukitaka kwenda Fikeni unataka ringi. Kanuni ya ringi haikuweza kufutwa, maana katika historia mpya karani mwenyewe ndiye aliyesema, akiwa kwenye usukani, "Sheria ya reli ndiyo sheria ya nchi." Maneno hayo yamechongwa chini ya sanamu kwa herufi za kimo cha mbuzi.

Akaja Waziri wa Kumbukumbu mwenyewe, Dokta Magwaya, na motokaa tatu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua nikirekebisha kiti, nikasikia, na kuona kwenye upenyo, kwa bahati mbaya tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa. Kigoda hicho usikiogope, kimewahi kukaliwa na mzito kuliko wewe."

Waziri akaketi, akaomba maji. Bi. Siwatu akamchotea mtunguni. Mtungi wake ni wa kizamani, chini mviringo, hausimami wenyewe. Umekalishwa juu ya duara.

"Tunatafuta ringi ya Fikeni, Bibi."

"Mnaitafuta kwa macho au kwa motokaa?"

"Kwa amri."

"Basi umeshakunywa maji yake."

Waziri akainama, akatazama chini ya mtungi. Ngozi ilikuwa imekwisha nusu, bamba la shaba limeota kijani.

"Miaka hamsini, Bibi?"

"Mtungi haukai hewani, Mheshimiwa."

"Mtukufu anataka kuvuka daraja kama alivyovuka baba yake."

"Daraja lipi?"

Walinzi wake wawili wakaanza kutazama paa. Waziri akaweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Daraja ulilolivuka, Bibi. Cheti chako kinasema."

"Mimi sina cheti."

"Unacho. Tulikuandikia." Akakitoa mfukoni, akakiweka juu ya goti lake. Kilikuwa na kidole gumba. Sijui cha nani.

Bi. Siwatu hakukigusa. "Ringi haichukuliwi," akasema. "Inakabidhiwa dereva, mkono kwa mkono. Dereva nani?"

"Mtukufu atashika usukani."

"Huyo wa usukani. Wa moto nani?"

Madereva wa makaa wamekufa wote. Aliyebaki anayejua gari lile linakohoa wapi na linapumua wapi alikuwa mmoja, na Waziri alijua yuko wapi, kwa sababu funguo za huko analala nazo yeye.

"Anaweza kuletwa," akasema. "Kwa siku ile."

"Na baada ya siku ile?"

"Bibi, baada ya siku ile kila mtu atakuwa amefika."

Akamaliza maji, akashukuru, akaenda. Bi. Siwatu akaniita kupitia uani, maana alijua niko pale.

"Umesikia?"

"Sikusikiliza."

"Wanamleta. Ukimwona amekonda usiseme mbele yake."

*

Siku ya yubile jua lilitoka kama kawaida, bila kuagizwa. Watu walijaa Kisiki mpaka juu ya matangi ya maji. Gari likasimama stesheni, mabehewa manne mekundu, na ndani waheshimiwa mia mbili: majaji, makamanda, maspika, wake zao, na mshairi mmoja. Mtukufu alisimama ndani ya kichwa cha gari, amevaa glavu nyeupe. Usukani wa lori ulikuwa umepachikwa kwenye msumari mrefu mbele yake. Aliuzungusha kushoto, aliuzungusha kulia, ukazunguka bila kinyongo.

Watu wawili wapole wakamleta Shomari. Walimshika viwiko kama bibi harusi.

"Shikamoo, mama," akasema Shomari.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda." Yeye mwenyewe ndiye aliyesema.

"Siku ile kulikuwa na jua," akasema Shomari. "Upepo kidogo wa kusini. Daraja lilikuwa imara."

"Nani kakuuliza?"

"Daraja lilikuwa imara."

Nilimtazama Bi. Siwatu. Alikuwa anamtafuta mtu ndani ya macho yale, kama unavyochungulia nyumba ambayo milango iko wazi na hakuna anayeitika hodi. Kisha akainua ringi.

Ndipo nikaona jambo. Mkono wa Shomari ulinyanyuka wenyewe. Kiwiko kikakunjika, bega likajitega mbele, vile vile anavyojitega mtu wa reli kupokea ringi gari likiwa linatembea. Miezi minane walifanya kazi kichwani mwake, na mkono hawakuukumbuka.

Akasoma bamba, kama kanuni inavyotaka. "Kisiki, Fikeni."

"Kisiki, Fikeni," akajibu mama yake.

Likabaki swali la mwisho, ambalo dereva hawezi kuondoka bila kuliuliza. Akaliuliza.

"Njia iko wazi?"

Bendi ilikuwa kimya ikisubiri. Waziri alikuwa anatabasamu kwa ajili ya wapiga picha. Ukijibiwa kwamba njia iko wazi, unafungulia mvuke, unakwenda kasi yote. Jibu la pili lipo kwenye kitabu cha kanuni, lakini mimi katika miaka yangu yote sikuwahi kulisikia likitolewa. Bi. Siwatu akawatazama wale wawili wapole, akamtazama Mtukufu na glavu zake, akamrudia mwanawe.

"Njia ina gari," akasema, si kwa sauti kubwa. "Limo humo miaka hamsini. Nenda mwendo wa miguu, na uwe tayari kusimama."

Nchi nzima ilikuwa haijasema maneno hayo tangu vita. Yalikaa hewani pale juu ya stesheni, na hakuna aliyeyagusa. Mtu mmoja nyuma yangu aliacha kutafuna.

Waziri akacheka kwanza. "Bibi yetu anakumbuka kwa mtindo wa zamani," akasema. Watu wakacheka naye, na wenye watoto wakacheka zaidi.

Shomari hakucheka. Alikuwa ameshavaa ringi begani, anaishika ngozi yake kwa vidole.

"Dereva akishuka," mama yake akamwambia, "anashuka nayo."

"Najua, mama."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza yaliyo yake mwenyewe. Bi. Siwatu aliyasikia. Alijifunga kanga upya, ingawa haikuwa imelegea.

Filimbi ikalia. Dokta Magwaya, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya behewa la kwanza, akakumbuka wakati ule ule kwamba ni lazima abaki kupokea simu ya kufika. Akateremka, akarekebisha tai.

Gari likaanza kusogea. Nataka kuwaambia kwamba nilisema kitu. Nilifungua mdomo, hilo ni kweli. Mkono ukaniingia mfukoni wenyewe, ukakikuta cheti changu. Behewa la tatu, dirishani. Nikatazama kulia, mtu wa kulia ana mkono mfukoni. Nikatazama kushoto. Watu elfu arobaini na moja tulisimama pale, kila mmoja ameshavuka daraja, na gari likatupita polepole mno, tukaweza kusoma namba za mabehewa. Tulipunga mikono. Mkono ule mwingine wa kila mmoja ulikuwa mfukoni.

*

Saa nne na nusu Waziri alipanda jukwaani, akatoa karatasi ya simu ya waya mfukoni, akasoma: "Gari limefika Fikeni salama. Mtukufu amevuka." Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kuchakaa kwenye mikunjo, kama kitu kilichokaa mfukoni wiki nzima. Moshi wa gari tulikuwa bado tunauona, nyuma ya kilima.

Tukashangilia. Kisha ukaja mlio kutoka upande wa kilima, mzito, wa kuingia kwenye nyayo. Bendi ikaagizwa kupiga.

Bi. Siwatu hakukaa kusikiliza bendi. Alikwenda nyumbani, akachukua kigoda, akakiweka mlango wa nyuma unaotazama reli. Nikamfuata. Mtungi alikuwa ameuegemeza ukutani kwa mawe matatu, unatikisika.

"Jirani," nikamwambia, "ule mlio."

"Nimeusikia. Wa kwanza pia niliusikia. Kaa kimya."

Tukakaa. Adhuhuri ikapita. Alasiri, kutoka nyuma ya mahindi, akatokea mtu anayetembea juu ya reli kwa kuhesabu mataruma, yale magogo yake, ringi begani. Bi. Siwatu hakusimama. Shomari akapiga magoti mbele ya kigoda, akaitoa ringi, akamkabidhi mkono kwa mkono.

Alitusimulia mara moja tu. Mwendo wa miguu mpaka Kona ya Mawe Mawili, akafunga breki, gari likasimama kabisa. Akawaambia, "Waheshimiwa, mbele hakuna daraja. Anayetaka kushuka ashuke."

Walitazamana. Jaji Mkuu alimtazama Kamanda wa Polisi, Kamanda akamtazama Spika. Mtukufu, bila kugeuka, akauliza, "Nani humu hajavuka daraja?" Hakuna aliyeinua mkono. Mama mmoja mnene wa behewa la pili alikwishaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Akaona watu wanautazama ule mguu. Akaurudisha.

Shomari akavaa ringi, akashuka. "Bila ringi gari haliendi, Mtukufu."

"Baba yangu alipita hapa."

"Aliyepita hapa ni baba yangu," Shomari akasema, "na hakurudi."

Mtukufu akavuta mwenyewe mkono wa mvuke, ule wa kuliondoa gari. Mkono huo ni mwepesi, mtoto anaweza. Gari likaondoka. Kitu cha mwisho Shomari alichokiona ni zile glavu nyeupe, zinauzungusha usukani kidogo kushoto, kufuata kona.

*

Mtukufu yuko Fikeni. Amepapenda, ameamua kukaa. Kila Jumatatu Dokta Magwaya anatusomea maagizo yake, na maagizo yamekuwa na mwandiko mzuri kuliko zamani. Waheshimiwa mia mbili wako naye, wanawasalimu wake na watoto wao, wanasema wasifuatwe. Hakuna wa kuwafuata. Ringi haijarudi stesheni. Njia ina gari.

Tumepewa vyeti vya pili, vya Abiria wa Yubile. Safari hii niliomba nisikae dirishani.

Shomari naye amefika Fikeni. Iko picha yake gazetini, anapunga mkono mbele ya daraja. Kwa hiyo hakuna anayemtafuta Kisiki, na yule mtu mrefu anayepasua kuni uani kwa Bi. Siwatu, amevaa ovaroli lililopauka, ni mgeni.

Mwezi uliopita Waziri alikuja. Safari hii motokaa moja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Maji?"

Aliyeleta kikombe alikuwa yule mgeni. Waziri alimtazama muda wa kutosha, kisha akainama, akatazama chini ya mtungi. Mtungi ulikuwa umekaa vizuri, hautikisiki. Akanywa yote.

"Bwana huyu?"

"Mgeni."

"Katokea wapi?"

"Njiani."

Waziri akafuta mdomo kwa leso. "Maji mazuri," akasema. "Mtungi huu usiondolewe hapo ulipo, Bibi. Usihamishwe hata kwa kufagia. Siku utakapohama, nitajua mgeni wako amechoka kuwa mgeni." Akasimama, akapiga kikombe polepole kwa ukucha. "Na stesheni wasiione ringi tena. Mtukufu anapenda utulivu."

Hivyo Bi. Siwatu amempata mwanawe. Anampikia, anamfokea, anamwambia ale, usiku anamsikia akikohoa chumba cha pili. Mlangoni wamewekwa watu wawili wapole wa kuulinda mtungi. Kila asubuhi wanavua viatu, wanaingia, wanautazama, wanatoka.

Jana nilikwenda kuomba maji. Mmoja wao alinisindikiza mpaka mtunguni, miguu mitupu, hata hasikiki. Shomari akanichotea bila kuinua macho. Nilipokuwa nakunywa, yule mpole akatoa kijitabu, akaniuliza kama nayakumbuka maji ya siku ile, ya mtoni, chini ya daraja, nilipoyatazama kupitia dirishani.

Nikamwambia nayakumbuka. Yalikuwa meusi, na yalikuwa baridi.

Akaandika.